Fimbo na rili za kuvulia kwa nzi: dhana potofu zinazowagharimu wavuvi wa Naivasha na pwani

Mtu akiniuliza anunue fimbo gani ya kuvulia kwa nzi wa bandia, mara nyingi huwa ameshazigawa pesa zake kichwani: nyingi ni za fimbo, kiasi ni cha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, na zitakazobaki ndizo za mshipi. Anataka kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana aliyeletwa Ziwa Naivasha nchini Kenya kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na akishuka pwani wakati wa likizo ajaribu kolekole kwenye maji mafupi. Seti moja inaweza kumfanyia kazi zote mbili. Ila mgawo ule wa pesa ameupindua, na chanzo chake ni mambo anayoyasikia kwa wavuvi wenzake.

"Fimbo nzuri ndiyo inayorusha mbali"

Anayevua kwa chubwi anajua kwamba risasi ndiyo inayoruka, uzi ukaifuata nyuma. Kwa nzi mambo ni kinyume. Nzi ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene uliopakwa plastiki. Uzito wake ndio unaoikunja fimbo, na fimbo inapojinyoosha mshipi unaondoka ukimbeba nzi.

Ndiyo maana mishipi ina namba. Hupimwa uzito wa futi 30 za kwanza, yaani mita 9 na kidogo: namba 6 ni takriban gramu 10.4, namba 8 ni gramu 13.6, namba 10 ni gramu 18. Fimbo ikiandikwa 8, maana yake imetengenezwa kubeba mshipi wa namba 8. Haisemi itavua samaki wa ukubwa gani. Tena siku hizi mishipi mingi hutengenezwa mizito kidogo kuliko namba yake, kwa hiyo soma uzito ulioandikwa kwenye boksi kabla ya kulaumu fimbo.

Kuna jambo la joto pia, na hili huwashangaza wengi. Maji ya pwani yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Mshipi uliotengenezwa kwa mito ya baridi hulegea humo, ukanata kwenye pete za fimbo, na mtu akadhani mkono wake umeharibika. Mshipi wa tropiki nao, ukiupeleka Naivasha alfajiri, zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hukakamaa na kujiviringa kama springi hadi uunyooshe kwa mkono. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kwenye seti yako, ongeza mshipi wa pili, si fimbo ya pili. Nimeona fimbo ya bei ya chini ikirusha vizuri kwa mshipi unaoifaa, na fimbo ya bei ya ng'ombe ikihangaika kwa mshipi uliochoka.

"Samaki mdogo, fimbo ndogo"

Besi wa kilo moja na nusu unaweza kumvuta kwa fimbo namba 5. Hilo ni kweli, na ndilo linalopotosha. Namba ya fimbo huchaguliwa kwa kumtazama nzi, upepo, na mahali samaki alipojificha. Uzito wa samaki huja baadaye.

Nzi wa besi ni wakubwa. Wapo wanaoelea, waliofungwa kwa nywele za paa na kukatwa kama kichwa cha chura, na hao hushika upepo kama tanga. Wapo wanaoiga wale kamba wekundu wa maji baridi wa asili ya Louisiana, walioingizwa Naivasha mwaka 1970 na ambao besi hupenda kuwala. Mshipi wa namba 5 hauna uzito wa kumgeuza nzi wa namna hiyo hewani. Utaona anaanguka rundo moja na uzi, au anakupiga kisogoni. Halafu kuna mafunjo. Besi akishaguswa na ndoana hukimbilia mashinani, na una sekunde mbili za kumgeuza. Hapo namba 7 au 8 yenye urefu wa futi 9, na nailoni nene mbele yake, ule uzi unaounganisha mshipi na nzi, ndiyo inayokutoa.

Ukishuka pwani, namba 8 hiyo hiyo inakungojea kazi. Kusi likivuma kuanzia Aprili hadi Septemba, au kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, mshipi mwepesi haufiki unakoutuma. Hata nzi mwenyewe anaweza kuwa yule yule. Katika miaka ya 1980 Bob Clouser, mvuvi wa Pennsylvania, alifunga nzi mwenye macho ya risasi kwa ajili ya besi wa mdomo mdogo wa mto Susquehanna. Lefty Kreh, mwalimu mashuhuri wa uvuvi huu, ndiye aliyempa jina la Clouser Minnow. Leo nzi huyo aliyezaliwa mtoni hutumika baharini pande nyingi za dunia, na mimi sishuki pwani bila yeye.

Sisemi namba 8 inatosha kila mahali. Kolekole mkubwa wa kilo 15 au 20 kandokando ya mwamba anahitaji namba 11 au 12. Kumshika kwa namba 8 ni kumchosha hadi afe hata ukimrudisha majini. Na ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite, uvuvi hauruhusiwi kabisa, uwe na fimbo ya namba yoyote.

"Rili ni ya kuwekea mshipi tu"

Hii ilizaliwa ziwani, na ziwani ina ukweli wake. Besi hakimbii mbali. Unauvuta mshipi kwa mkono, samaki yuko kwenye wavu, na rili haijalia hata mara moja. Kwa hiyo mvuvi wa Naivasha hununua rili yoyote inayozunguka, anaiona inatosha, kisha anaibeba kwenda pwani.

Nilifanya hivyo hivyo mara ya kwanza, kwenye mdomo wa hori moja upande wa Kilifi. Kolekole wa kilo tatu hivi alimchukua nzi, akageuka, na mshipi wote ukapita vidoleni kwangu kabla sijajua nishike nini. Breki ya rili iliruka mara ikashika, mara ikaachia, na pale iliposhika ndipo nailoni ilipokatika. Samaki aliondoka na nzi mdomoni, na hilo liliniuma kuliko hasara.

Sifa ya kwanza ya breki ni ulaini: ianze kuachia bila kushtuka, kwa sababu mshtuko ndio unaokata uzi. Ukubwa wa nguvu si hoja. Kwa nailoni ya kukatika kilo 9, breki huwekwa kama robo yake, kilo 2 na kidogo, na unaweza kuipima kwa mizani ya kuning'iniza. Pili, chini ya mshipi pawe na uzi wa akiba, uzi mwembamba wa kusokotwa uitwao dakroni, wa mita 150 au zaidi. Tatu, kiini cha rili, pale uzi unapozungushwa, kiwe kipana. Mzunguko mmoja kwenye kiini chenye kipenyo cha sentimita 5 hurudisha takriban sentimita 16 za uzi, na kwenye kiini cha sentimita 8 hurudisha 25. Samaki akiwa mita 60 mbali kisha akakugeukia mbio, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uzi utalegea na ndoana kuchomoka.

"Fimbo ya bahari lazima iwe ngumu kama mti"

Fimbo ngumu sana humfaa mrushaji hodari anayetupa mbali. Anayeanza hasikii mshipi ukiikunja, akaharakisha, na kila kitu kikaporomoka. Chukua yenye kukunjika kiasi. Na fimbo nyingi huvunjika mvuvi anapoinyanyua wima juu ya kichwa samaki akiwa miguuni, mzigo wote ukaangukia ncha. Ugumu wake hauizuii kuvunjika. Ishushe, uvute kwa upande.

"Imeandikwa ya bahari, haili kutu"

Alumini iliyotiwa kinga hustahimili chumvi, lakini chumvi ikikauka ndani ya vifundo na chini ya skrubu huendelea kula. Kila jioni osha rili kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu. Maji ya nguvu huisukuma chumvi ndani. Nyosha mita chache za mshipi uzifute pia. Vipande vya fimbo vitenganishe siku hiyo hiyo, uvikaushe, kwani chumvi ikigandia kwenye maungio itabidi mshike watu wawili kuvichomoa. Halafu ilegeze breki kabisa kabla ya kuiweka rili kabatini, maana diski zikikaa zimebanwa wiki nyingi hushikana, na breki inarudia kuruka kama ile ya Kilifi.