Alama ya Kemia iseme habari za Kemia

Kila mwisho wa muhula ripoti za kidato cha tatu hupita mezani kwangu kabla hazijapigwa muhuri. Ndiyo kazi ya mwalimu wa taaluma: kuhakiki alama na kuuliza pale panapotia shaka. Swali ninalowauliza walimu wenzangu mara nyingi kuliko yote ni hili: hii hamsini na mbili ya mtoto huyu imetoka wapi? Majibu ninayopata ndiyo yananifanya niandike leo. "Kazi mradi aliileta wiki mbili baada ya tarehe, nikampa sifuri." "Huyo hana adabu, nimemkata kumi." "Huyo nimembeba kidogo, ni mtoto mtulivu, na daftari lake safi."

Msimamo wangu ni kwamba alama ya somo iseme jambo moja tu, yaani mwanafunzi anajua nini na anaweza kufanya nini katika somo hilo. Kuchelewesha kazi, utoro, majibu ya jeuri, usafi wa daftari, upole na uchangamfu, vyote vikae nje ya namba hiyo. Sisemi kwamba tabia haina uzito. Nataka iandikwe mahali pake na kwa jina lake, tena kwa umakini kuliko tunavyoiandika sasa.

Tuanze na hesabu, maana wengi tunaandika sifuri bila kuipigia hesabu. Mwanafunzi amefanya majaribio matatu ya Kemia akapata 72, 66 na 70. Wastani wake ni 69 na ushei, ambayo kwa madaraja yetu ya sekondari hapa Tanzania ni B, kwa kuwa B inaanzia 65 hadi 74. Kazi ya nne, ile ya kutengeneza kiashirio cha asidi na besi kwa maua ya mwituni, ameichelewesha. Mwalimu anaandika 0. Wastani unashuka hadi 52, na sasa ana C. Mwenzake aliyepata 50, 46 na 48 ana wastani wa 48, C halali kabisa. Naye akichelewa mara moja anaangukia 36, ambayo ni D. Kosa la siku chache limefuta mwezi mzima wa kujifunza, na sababu yake ni namna ngazi zetu zilivyopangwa. B ina upana wa alama kumi, C ishirini, D kumi na tano, lakini F inachukua alama zote kuanzia 0 hadi 29. Sifuri inampeleka mtoto chini kabisa ya shimo pana kuliko ngazi zote, mahali ambapo hata mwanafunzi anayebahatisha majibu ya kuchagua hafiki kwa urahisi.

Kisha mzazi anakuja. Siku ya kuchukua ripoti mama mmoja alikaa mbele yangu, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho la safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Naona Kemia kapata hamsini na mbili, na muhula uliopita alikuwa na sitini na nane. Nimtafutie mtu wa tuisheni? Mada gani inamshinda?"

Hakuna mada iliyokuwa inamshinda. Fomula alikuwa anazijua, milinganyo anaisawazisha vizuri, na kwenye maabara yeye ndiye aliyekuwa anawaelekeza wenzake namna ya kusoma bureti, ile mirija ya kupimia vimiminika. Alichelewesha kazi moja. Mama huyo alikuwa tayari kutoa pesa ya tuisheni, pesa ambayo ungeona wazi haikuwa ya ziada, ili kutibu ugonjwa ambao mwanawe hakuwa nao. Tatizo lililokuwepo kweli, kwamba jioni mtoto hapati muda wa kukaa na kazi, karatasi ile haikulisema popote.

Upande wa pili una madhara yaleyale, ila wenyewe tunauita huruma. Mtoto mpole aliyestahili 26 anaongezewa tano za daftari safi, anafika 31, na F inageuka D. Mzazi anatulia, mwalimu wa mwaka unaofuata naye anatulia. Karatasi ya Baraza la Mitihani ikifika haijui daftari la mtu. Tumemnyima mtoto huyo nafasi ya kusaidiwa mapema, na aliyeumizwa ndiye tuliyedai tunampenda.

Utasema mwalimu mwenye busara atajua kiasi cha kuongeza au kupunguza. Lakini hata bila kuchanganya tabia, usahihishaji ni kazi yenye mwanya mkubwa. Mwaka 1912 na 1913 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wengi nakala za karatasi ileile ya mwanafunzi mmoja waisahihishe. Kwenye karatasi ya jiometri, somo ambalo wengi tungedhani halina ubishi, alama zilitoka 28 mpaka 95. Baadhi ya walimu walimkata kwa mwandiko na mpangilio, wengine hawakujali. Namba ambayo tayari inayumba hivyo ukiipakia na adabu, hutabaki na kitu cha kusomeka.

Wazo la kuhesabu zaidi ya mtihani, hata hivyo, lina heshima yake hapa kwetu, na sipendi kuona linabezwa. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapoulizwa ndani ya muda fulani, na haipimi tabia wala utayari wa kutumikia wengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaendeleza hoja hiyo: mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, na kazi za mwanafunzi anapokuwa shuleni nazo zihesabiwe. Kuanzia 1976 alama endelevu zikaingia katika matokeo ya kidato cha nne. Hoja ilikuwa njema. Kijana anayejituma kwa miaka minne hastahili kuhukumiwa kwa asubuhi moja aliyoamka na malaria.

Ila angalia shule zilivyokuwa wakati huo. Sekondari zilikuwa chache, na nyingi za bweni. Jioni kengele inagongwa, wote wanaingia prepo, yaani kipindi cha kujisomea, taa inawaka, mwalimu wa zamu anapita kati ya madawati. Asiyekusanya kazi katika mazingira hayo, kuna uwezekano mkubwa kweli alizembea. Kisha mwaka 2004 ukaja MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, sekondari za kata zikajengwa nchi nzima, na mwaka 2016 ada ikaondolewa. Leo wanafunzi wangu wengi ni wa kutwa. Mmoja anatembea saa nzima kurudi nyumbani, akifika anachota maji, anapika, anaogesha wadogo zake, na akipata nafasi ya kufungua daftari ni saa nne usiku kwa tochi ya simu ya baba, kama baba yupo na simu ina chaji. Jirani yake wa dawati ana meza, taa ya umeme na kaka aliyemaliza chuo. Tukiwakata wote wawili alama kumi kwa kila siku ya kuchelewa, tunachopima ni nyumba zao. Wasichana ndio wanaoumia zaidi, na yeyote aliyewahi kukusanya madaftari asubuhi ya Jumatatu ameliona hilo.

Nafasi ya kuandika tabia tayari tunayo, na ndicho kinachonishangaza. Chukua ripoti ya sekondari yoyote ile. Chini ya masomo kuna sehemu ya tabia na mwenendo: kufanya kazi kwa bidii, ubora wa kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, uongozi, usafi, uaminifu, michezo. Na tunaijazaje? Mwalimu wa darasa ana ripoti tisini za kujaza usiku mmoja. Anashusha B kutoka juu hadi chini, mtoto wa kwanza mpaka wa tisini, na pale penye maoni anaandika "aongeze bidii". Tumeiacha tupu sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya tabia, halafu tumeipenyeza tabia kinyemela ndani ya alama ya Kemia, ambako hakuna anayeiona. Anayekwenda dukani kununua kilo ya sukari hapunjwi gramu mia kwa sababu hakusalimia. Mwenye duka akitaka kumwambia neno kuhusu salamu, atamwambia.

Jimbo la Ontario, Kanada, lina mwongozo wa mwaka 2010 unaotenganisha mambo haya. Stadi sita za kujifunza, kama uwajibikaji, mpangilio, ushirikiano na kujiongoza, zina safu yake kwenye ripoti na herufi zake, mbali na alama ya somo. Hata huko hawakulimaliza suala la kuchelewa: mwongozo haukumkataza mwalimu kabisa kukata alama, bali uliorodhesha hatua nyingi za kuchukua, kuanzia kuuliza sababu hadi kuongea na wazazi. Nakubaliana nao katika mpangilio huo. Kuuliza kwanza hakugharimu kitu.

Wenzangu huniuliza: mbona Baraza lenyewe linaadhibu tabia? Tumesikia matokeo ya watahiniwa yakifutwa kwa udanganyifu, na wengine kwa kuandika matusi kwenye karatasi za majibu. Ni kweli, na mimi naona huo ni mfano unaoniunga mkono. Baraza halichukui 70 ya mtu aliyetukana likaifanya 40. Linafuta, na linatangaza kwamba limefuta na kwa nini. Msomaji wa matokeo hadanganywi kwamba kijana huyo anajua nusu ya Historia. Adhabu imesimama peke yake, ina jina, na inaweza kulalamikiwa. Kwa udanganyifu sababu ni nzito zaidi: kazi iliyonakiliwa haituambii lolote kuhusu aliyenakili, hivyo hakuna cha kukipa alama. Anayenakili darasani kwangu hukaa mezani peke yake akaifanya upya, na mwalimu wa nidhamu anapata habari zake.

Kuna mahali ambapo muda ni sehemu ya somo lenyewe, na hapo nakata alama bila kusita. Kilimo ni mfano mzuri. Kikundi kilichopewa tuta la mahindi kikapanda wiki tatu baada ya mvua za kwanza hakikuchelewesha kazi tu. Hakijaelewa mada ya kalenda ya kilimo, na mahindi yaliyodumaa ni jibu lao lisilo sahihi. Kwenye titresheni, jaribio la kudondoshea asidi kwenye besi mpaka rangi igeuke, anayeongeza asidi baada ya rangi kugeuka amekosea Kemia. Kigezo changu ni kimoja: je, ndani ya muhtasari wa somo umewahi kuandikwa muda huo kama jambo la kujifunza? Kama haumo, usiupe alama.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya walimu waliochoka. "Tukiwaondolea alama, tutawashika na nini?" Kanuni za mwaka 2002 zinataka kiboko kisizidi fimbo nne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kiandikwe kitabuni. Madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye mikondo minne hawezi kusahihisha kazi zinazodondoka moja moja kila siku mpaka wiki ya mitihani, na akilazimishwa tutamvunja moyo mtu tunayemhitaji. Sitaki alama iwe fimbo ya pili, lakini sitaki pia huruma yangu igeuke mzigo wa mwenzangu.

Tunachokijaribu shuleni kwetu ni kupunguza kwanza idadi ya kazi zinazohesabiwa. Mazoezi ya nyumbani ni mazoezi. Yanasahihishwa ili mtoto ajue alipokosea, na hayaingii kwenye alama endelevu. Kazi mradi inafanyika kwa sehemu kubwa ndani ya vipindi, mbele ya mwalimu, kwa hiyo mwenye taa na asiye na taa wanaanza mahali pamoja. Aliyechelewa ana wiki moja, na anaimalizia shuleni mchana baada ya vipindi chini ya mwalimu wa zamu. Mchana huo anakosa mpira, na wengi wao hilo linawauma kuliko alama kumi. Daftari langu la alama lina safu ya tarehe ya kukusanya pembeni ya safu ya alama. Mwisho wa muhula nampa mwalimu wa darasa ile safu ya tarehe, naye kwenye "kufanya kazi kwa bidii" anaandika D au A yenye ushahidi, pamoja na sentensi moja: "Amechelewesha kazi tatu kati ya tano, tunaomba apunguziwe kazi za jioni." Mzazi akisoma hivyo anajua pa kuanzia.

Anabaki yule asiyeleta kabisa, hata baada ya wiki ile. Kwake ninafuata desturi ya Baraza: mtahiniwa ambaye hakufanya mtihani wa somo huandikiwa X kwenye matokeo, wala si F, kwa sababu kutokuwepo na kushindwa ni habari mbili tofauti. Nami naandika X kwa penseli. Kabla ya siku ya kupeleka alama endelevu, ninawaita wote wenye X chumba kimoja, Jumamosi asubuhi, nawapa jaribio la mada ile waliyoikwepa, dakika arobaini. Watakachopata hapo ndicho ninachokiandika juu ya penseli, kwa wino. Asiyefika hata Jumamosi hiyo, X yake inabaki, na jina lake linakwenda kwa mkuu wa shule pamoja na namba ya simu ya mzazi.