Balozi Hauzi Asali

Juma lililopita kijana mmoja aliingia ofisini kwangu na katoni ya sabuni begani. Ndani mlikuwa na chupa sita za asali. Akazipanga mezani moja moja, kisha akasema: "Mama, unipe tu namba ya balozi wetu wa Brussels. Mengine nitamalizana naye." Ni mtu wa nne mwaka huu. Kabla yake alikuja fundi wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kutoka Katuba, akaja mama wa unga wa muhogo, akaja mwenye kiwanda cha maji ya matunda, mtu aliyesoma, mwenye mhasibu na wakili. Wote ombi lao moja: nchi ina balozi kule, balozi analipwa kwa kodi yetu, basi atutafutie mnunuzi.

Nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye dawati la biashara la ubalozi, katika miji miwili ya ugenini, kabla ya kurudi Lubumbashi, hapa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusaidia kampuni za kwetu kuuza nje. Nimechoka kulisema jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika. Balozi hauzi asali. Mwambata wa biashara, yaani ofisa wa ubalozi anayeshughulikia biashara, naye hauzi. Hakuna daftari la wanunuzi lililofungiwa ubalozini likingoja mwenye namba ya simu.

Kwa upande wa mnunuzi, anachoweza kukufanyia mwambata ni kidogo: kuhakikisha kwamba kampuni iliyokuandikia imesajiliwa kweli, kuomba miadi kwa jina la ubalozi ili barua yako isomwe, kukupatia meza kwenye banda la nchi siku za maonyesho. Bei, sampuli, mkataba na malipo ni vyako. Na sheria yenyewe imeweka mpaka. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 3, unataja kukuza uhusiano wa kiuchumi miongoni mwa kazi za ubalozi, na watu wanaonikatalia hunukuu hapo. Wasome mpaka ibara ya 42: mwanadiplomasia hafanyi biashara kwa faida yake mwenyewe katika nchi alikotumwa. Ukikuta ofisa wa ubalozi anakuahidi mnunuzi na anataka chake kwa kila tani, huyo si msaada wa serikali. Mkimbie.

Sasa tuje kwenye asali, maana ndipo kazi ya dola, yaani serikali, ilipo na ndipo watu hawataki kunisikiliza.

Asali ni zao la mnyama. Haiingii Umoja wa Ulaya kwa sababu ni tamu au kwa sababu mwenye duka ameipenda. Swali la kwanza ni la nchi: je, nchi inakotoka iko kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa kwa asali? Ili iwekwe kwenye orodha, serikali yake lazima ipeleke mpango wa kupima masalio ya dawa, yaani viuavijasumu, viuatilifu na mengineyo, ionyeshe maabara zinazoweza kupima, na iendelee kutuma matokeo mwaka hadi mwaka. Mfuga nyuki hawezi kuomba kuwekwa kwenye orodha hiyo. Ushirika hauwezi. Kampuni yenye mtaji wa mamilioni ya dola haiwezi. Anayeomba ni serikali, anayejibiwa ni serikali.

Majirani zetu wa Zambia wamo. Asali ya Mkoa wa Kaskazini Magharibi, ya mizinga ya magome iliyotundikwa kwenye misitu ya miombo, inauzwa Ulaya miaka mingi sasa. Miombo ile haikuishia mpakani. Nyuki wa kule na nyuki wa huku wanaenda kwenye maua ya aina moja. Tofauti imo kwenye faili: nani ameliandaa, nani amelipeleka, nani anajibu likirudi na maswali. Na hapo ndipo namtaka balozi wa Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, kwa moyo wote. Aende ajue faili liko dawati gani, pamekosekana karatasi ipi, jibu linatakiwa lini, kisha apige simu nyumbani na asiache kupiga mpaka jibu lifike. Ni kazi ya kuchosha, haina utepe wa kukata wala picha ya kupigwa. Diplomasia ya biashara ndiyo hiyo. Kijana akija kutaka namba ya balozi ili aombe mnunuzi, anaomba kitu ambacho balozi hana, na anaacha kudai kitu ambacho balozi peke yake, na wizara zilizo nyuma yake, wanaweza kukitoa. Hilo ndilo linaloniuma. Wanasumbuka, lakini wanapeleka sumbuko lao mlango usio wake.

Nilifungua chupa moja. Nikaweka tone kwenye kioo cha refraktomita, kifaa cha kupimia maji ya asali, nikafunika, nikaielekeza dirishani. Maji asilimia 22.5. Nikampa naye atazame. Kiwango cha kimataifa ni maji yasizidi asilimia 20, maana ikizidi hapo inachacha. Alinyamaza, kisha akakiri kwamba walivuna masika, masega mengine yakiwa hayajafunikwa nta, kwa sababu shule zilikuwa zinadai ada. Nikaonja: moshi ulikuwa mwingi pia. Hata balozi angekuwa mjomba wake, mzigo huu ungerudishwa. Kuna sehemu ya dola na kuna sehemu ya mwenye mzinga, na hakuna inayofidia nyingine.

Jambo la pili linalonikera ni neno "soko limefunguliwa". Kila mkutano wa marais ukiisha, simu yangu inalia. Kongo iko SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, iko COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, imeridhia Eneo Huru la Biashara la Afrika, lenye ofisi kuu Accra, ambalo biashara yake ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021. Ni vizuri. Lakini ushuru kuwa sifuri kwenye karatasi si sawa na gari lako kuvuka Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, bila kulipa. Katikati pana cheti cha asili ya bidhaa, na cheti hicho kina masharti. Chini ya COMESA, kwa mfano, bidhaa yenye malighafi ya kutoka nje inaweza kuhesabiwa kuwa yako ikiwa thamani uliyoiongeza hapa imefika angalau asilimia 35 ya gharama yake kiwandani. Kuna njia nyingine pia, lakini wengi wanaonijia wanapimwa kwa hiyo. Yule mwenye maji ya matunda ananunua kiini nje, sukari nje, chupa nje. Cha kwake ni maji, umeme na lebo. Tulipiga hesabu pamoja, hakufika. Alitaka balozi "aongee na Wazambia". Waongee nini? Hesabu ni hesabu.

Na hata aliyefika anaweza kukwama kwa kitu kidogo ambacho sijakiona kikiandikwa kwenye vijitabu vya mauzo ya nje. Cheti kina sahihi na muhuri. Duane, yaani forodha, ya nchi nyingine haimjui aliyetia sahihi; inaijua sahihi yake kwa sababu serikali yetu iliipelekea mfano wa sahihi hiyo na wa muhuri. Ofisa akihamishwa, akaja mpya, na mfano wa sahihi yake haukutumwa, vyeti vyote anavyotia sahihi ni halali kwetu na ni karatasi tupu ng'ambo ya kizuizi. Nimeliona kwa macho yangu. Gari la sabuni za kipande, mawese ya Kongo, kiwanda cha Lubumbashi, hesabu zote safi, lilikaa siku nne mpakani. Dereva alikuwa anapika bukari chini ya trela. Transiteri, wakala wa kuvusha mizigo, alikuwa anapiga kelele kuhusu rushwa, na safari hii haikuwa rushwa. Kijana wa duane ya Zambia alifungua faili lake la mifano ya sahihi, akaniwekea kidole kwenye majina, akasema kwa upole kabisa: "Mama, huyu wenu mimi sina." Ofisi iliyotoa cheti ilikuwa imebadilisha mtu miezi mitatu nyuma na hakuna aliyekumbuka kuandika barua moja. Makao makuu ya COMESA yako Lusaka, safari ya siku moja kwa barabara kutoka hapa. Barua moja! Tajiri wa sabuni alilipa siku nne za gari, na baada ya hapo akarudi kuuza Likasi na Kolwezi. Sikuwa na neno la kumrudisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwambata mzuri anafanyaje, simwambii habari za hotuba. Namwambia ni yule anayejua leo ni sahihi za nani ziko kwenye faili la upande wa pili.

Kuna siku ambazo dola inaonekana wazi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake nasi, Kasumbalesa ikiwemo, baada ya wasafirishaji wake kulalamikia katazo la Kongo la kuingiza bia na vinywaji baridi. Sisi tulioko Lubumbashi hatukuhitaji kuelezwa maana yake; tulitazama bei ya unga. Shaba, kobalti, dizeli, mahindi, vyote vinategemea njia ile. Serikali mbili zikakaa, na ndani ya siku chache mpaka ukafunguliwa. Hakuna kampuni, hata ya migodi, ambayo ingeufungua.

Safari za wafanyabiashara zinazoongozwa na serikali sizikatai. Mwishoni mwa 2021 wafanyabiashara wa Kenya walizunguka Kinshasa, Lubumbashi, Goma na Mbuji-Mayi, serikali yao ikishirikiana na benki ya Equity. Watu wanakumbuka hoteli na tai. Mimi nakumbuka kwamba mwaka uliotangulia, 2020, Equity ilikuwa tayari imenunua hisa nyingi za benki ya BCDC hapa kwetu. Mkenya aliposhuka ndegeni alikuta kaunta ya benki inayomjua. Sisi tunapanda ndege kwanza, kisha tukirudi tunahesabu hati za maelewano. Hati ya maelewano haina bei wala kiasi, wala haina tarehe ya kupakia. Usiipeleke benki. Na Mamlaka ya Bandari ya Tanzania ina ofisi hapa hapa Lubumbashi, kusikiliza wenye mizigo wa Katanga waliopo, waliokwisha kulipa na wanaolalamika. Haikungoja maonyesho.

Sasa nikiri jambo. Sina uhakika ni kiasi gani cha haya yote kinazaa mauzo. Mchumi Andrew Rose, alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima nchi 22 zinazouza nje na maeneo 200 yanayonunua, akaona kila ofisi ya ubalozi mdogo inayoongezeka inaambatana na ongezeko la mauzo la kati ya asilimia 6 na 10. Nambari hiyo inapendwa sana kwenye semina. Lakini serikali hufungua ofisi mahali ambapo biashara tayari inaenda. Jogoo na alfajiri huja pamoja. Mwenyewe Rose alijaribu kuvitenganisha, na bado mimi nina shaka.

Nina shaka kwa sababu nimekuwa ndani. Kreti moja ya malakiti ya mafundi wa hapa, mayai ya kuchonga, visanduku vyenye vifuniko, kilo 140, ilizuiwa kwenye bandari moja ya Ulaya. Fakture, yaani ankara, ilikuwa imeandikwa neno moja tu, "malakiti". Ofisa akasoma madini ya shaba, akaiweka chini ya namba 2603 ya bidhaa za forodha, namba ya mbale ya shaba, yaani mawe ghafi ya mgodini, akataka hati za mgodi. Vitu vile ni vya 7116, vitu vilivyochongwa kwa mawe ya thamani. Nilipeleka barua tatu. Nilipeleka picha. Siku ya tano nilipeleka kisanduku changu mwenyewe cha kuwekea hereni, nikakifungua na kukifunga mbele yake, bawaba ikilia. Alitikisa kichwa. Siku ya tisa zamu ilibadilika, ofisa mwingine akaiachilia kreti asubuhi, kabla sijafika. Je, alisoma barua zangu? Sikuambiwa. Kwenye ripoti ya robo mwaka niliandika kwamba ubalozi ulifanikisha kuachiliwa kwa mzigo. Ripoti za namna hiyo ndizo wanazojumlisha wanaopima kazi yetu.

Na shaka yangu nyingine ni nzito zaidi. Kampuni za migodi zina mawakili wao, zina watu wao Johannesburg na Geneva, na bado ndizo waziri anazozitaja akiwa ugenini. Mwenye chupa sita anapewa kijitabu. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo na sijaona mahali ambapo imegeuzwa vya kutosha. Kuna siku namwambia mteja abaki na soko la Kolwezi, na nikifika nyumbani najiuliza kama nimemshauri au nimemvunja moyo.

Kijana wa asali hakuondoka na namba ya balozi. Tuliandika barua kwa wizara, mistari saba, kwa jina lake na la wafuga nyuki wengine watano anaowajua njia ya Kipushi, nakala kwa ubalozi na kwa ANAPEX, wakala wa serikali wa kukuza mauzo ya nje. Hatukuomba mnunuzi. Tuliuliza mpango wa kupima masalio ya asali umefika wapi, ni maabara ipi imepangiwa kupima, na jina la ofisa wa kumwandikia tena baada ya siku thelathini. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama inaruhusiwa kuuliza serikali namna hiyo. Nikamwambia atie sahihi. Ameniachia chupa moja, na amesema atarudi na nyingine masega yakishafunikwa.