Upana wa stirio hauletwi na kitufe cha pani

Unapochanganya wimbo, ukinakili traki moja (sauti iliyorekodiwa peke yake) ya gitaa, kisha kwa pani, yaani kitufe cha kuhamisha sauti kushoto au kulia, nakala moja ukaisukuma kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, hujapata upana wowote. Masikio yote mawili yanapokea kitu kilekile, kwa hiyo gitaa linasikika palepale katikati, ila kubwa zaidi. Upana ni tofauti kati ya pande mbili. Mpigaji arudie kipande hicho mara ya pili, kisha traki zote mbili zigawanywe pembeni. Vile vijikosa vya mkono ndivyo vinavyoufungua wimbo.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kuichelewesha nakala milisekunde 15. Kwenye hedifoni inapendeza sana. Ila pande mbili zikiunganishwa kuwa mono, kama kwenye spika moja ya simu, masafa ya hezi 33, 100, 167 na kuendelea yanafutana, na gitaa linasikika kama limepigwa ndani ya bomba. Kwa chombo kinachobeba wimbo, situmii kabisa.

Kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), besi na mwimbaji mkuu hukaa katikati. Besi ikiegemea upande mmoja, spika moja inalemewa huku mwenzake akipumzika. Vilivyobaki navipeleka pembeni kabisa bila woga. Nafasi za kati, kama asilimia 30 au 40 ya pani, nawaachia waitikiaji na tomu (ngoma nyingine za seti).

Hayahati, yaani visahani viwili vya ngoma vinavyogongana, inahitaji uangalifu. Sikiliza kwanza maiki za juu ya ngoma peke yake. Kama zinaionyesha kulia, traki yake ya karibu nayo iende kulia, na umbali uleule. Ukiipeleka kushoto, mlio unatanuka na kuyumba, msikilizaji hajui ngoma imekaa wapi. (Kuhusu kuipanga kwa jicho la mpigaji au la mtazamaji, chagua moja, ubishi huo hauna maana, mradi tomu nazo zifuate mpangilio huohuo.)

Jambo linalosahaulika ni viwango. Programu nyingi za kuchanganya muziki hushusha kinachokaa katikati kwa desibeli 3 katika kila upande. Maana yake, ukisikiliza kwa mono, kilichokaa pembeni kabisa kinapungua desibeli 3 mbele ya mwimbaji, ingawa hujagusa feda (kitelezi cha sauti). Ndiyo maana mizani naianza kwa mono, kisha napani, kisha narudi mono. Gitaa likizama, nalipandisha desibeli 1 au 1.5 tu. Ukizirudisha zote 3, kwenye stirio litamfunika mwimbaji.