Kujazia maji si kubadilisha maji

"Fundi, mimi maji ya tangi la samaki nabadilisha kila siku." Nikisikia hivyo, najua kabla sijafika mlangoni nitakuta nini: mstari mweupe wa chokaa umezunguka kioo, mwani umevaa mawe, na samaki wapya waliochukuliwa kwangu Jumamosi wamekufa huku wale wa zamani wakiogelea kama kawaida. Lawama yote ni yangu, eti nauza samaki wagonjwa.

Ukimuuliza anabadilishaje, anakuonyesha jagi. Asubuhi anakuta maji yameshuka, anajazia. Basi. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, na hapa Dodoma imeota mizizi kwa sababu hewa ni kavu, kiangazi ni kirefu, upepo haupumziki, na tangi lisilo na mfuniko hupungua upesi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 likishuka nusu sentimita tu, limeshapoteza karibu lita moja.

Sasa, kilichoondoka ni maji matupu. Chokaa, chumvichumvi na naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa samaki na chakula, haziruki hewani, zimebaki humohumo. Juu yake unamimina maji ya bomba yenye chokaa yake. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yeyote anayechemsha chai hapa anaujua ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Piga hesabu: tangi la lita 50, ukishajazia jumla ya lita 50 bila kutoa chochote, una madini ya lita 100 ndani ya lita 50. Naitreti nayo inapanda kila unapolisha. Samaki wa zamani wamezoea polepole, ndiyo maana wanaonekana wazima. Mgeni aliyetoka kwenye maji mepesi, yenye chokaa kidogo, anatumbukizwa humo ghafla, mwili unashindwa kuhimili tofauti, siku moja mbili amekufa. Kuna mteja alinijibu kwamba wake ni wa Ziwa Tanganyika, wanapenda maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Kweli wanapenda maji magumu. Naitreti hawaipendi.

Kwa hiyo toa kwanza, ndipo uongeze. Robo ya tangi kila wiki inatosha. Tangi ambalo limejaziwa miezi mingi usilitoe robo siku ya kwanza. Anza na sehemu moja ya kumi, rudia baada ya siku mbili tatu, samaki wazoee kurudi kama walivyozoea kwenda.

Najua kwa nini watu hawatoi. Kuchota kwa kikombe ni kero, zulia linalowa, nyumba nzima inanung'unika. Lakini kifaa cha kumaliza kero hiyo hakihitaji kuagizwa Dar. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba mita mbili za ule mpira unaoonyesha ndani, ambao mafundi wanapimia levo kwa maji. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kata kitako, chomeka mpira kwenye shingo. Ukilegea, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba mpaka ubane.

Zamisha chupa na mpira wote ndani ya tangi hadi mapovu yaishe. Ziba ncha ya mpira kwa kidole gumba, ishushe kwenye ndoo iliyo sakafuni, achia. Maji yatashuka yenyewe, mradi ndoo iwe chini kuliko tangi na mdomo wa chupa usitoke majini. Habari ya kunyonya kwa mdomo iache, hayo ni maji ya kinyesi cha samaki. Sasa chomeka chupa kwenye changarawe uone: kokoto zinaruka, zinazunguka, zinaanguka tena, na uchafu wa kahawia unapanda peke yake kwenye mpira. Kokoto zikitaka kupanda nazo, bana mpira kidogo. Ukihamisha chupa sehemu hadi sehemu, ndoo inajaa hujamaliza hata nusu ya sakafu ya tangi. Nusu nyingine ni ya wiki ijayo.

Kurudisha maji ni rahisi zaidi. Zile ndoo za koki tulizonunua wakati wa Korona kwa kunawia mikono bado zimelala stoo. Weka moja mahali palipo juu kuliko tangi, vika koki kipande cha mpira, fungua kidogo, elekeza kwenye jiwe ili changarawe isichimbike. Hakuna kunyanyua ndoo na kumwagia samaki kichwani.

Mengine nayapitia haraka.

"Filta ipo, maji ya nini tena?" Bakteria wa kwenye filta na changarawe wanageuza amonia, sumu ya kinyesi cha samaki, kuwa naitreti. Mimea inakula kidogo. Iliyobaki inatoka kwa ndoo.

"Bora kumwaga yote na kuosha changarawe kwa sabuni mara moja kwa mwezi." Hapo umeua bakteria wote waliokuwa wanakusaidia, na wiki hiyo amonia inapanda. Sponji ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Sabuni isisogee kabisa.

"Maji yamekaa simtanki, klorini imeshatoka." Kwenye tangi lililofunikwa juu ya paa haitoki upesi hivyo. Acha ndoo wazi kutwa nzima, au tia pampu ya hewa.

"Nisijazie kabisa kati ya wiki?" Jazia, ila kwa maji ya mvua kama unayo, hayaongezi chokaa. Kinga kwenye bati baada ya mvua za kwanza kusafisha vumbi, funika pipa.

"Mpira ni mpira." Hapana. Uliowahi kunyonyea petroli au dizeli usiuingize tangini hata ukiuosha mara ngapi. Nunua mwingine.