Geji za Land Rover yako hazidanganyi

"Fundi, hizi geji za kizamani zinadanganya, toa zote uniwekee digitali." Sentensi hii naisikia siku hizi hata kwa watu ambao gari lenyewe hawajalinunua. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mwenye pikapu ya Land Rover 109, ile ndefu, ya marehemu babu, iliyokuwa inalaliwa na kuku, ameitoa bandani, akapiga rangi bodi, akaagiza skrini ya geji za digitali mtandaoni na kuniletea ikiwa bado kwenye boksi. Sijafungua hata skrubu moja na hukumu imeshatoka. Basi naandika leo, ili nikiambiwa tena niwe natuma linki tu.

Malalamiko huwa ni yaleyale. Unawasha gari, geji ya mafuta inaonyesha nusu. Ukishatembea kidogo na chaji kupanda, mafuta "yanaongezeka" mpaka robo tatu, na mshale wa joto nao unakimbilia kwenye nyekundu wakati rejeta unaweza kuishika kwa kiganja usiungue. Mwenye gari anasema geji zote mbili zimekufa. Hebu fikiri kidogo, kaka: vitu viwili vitauguaje siku moja, saa moja, kwa kiasi kilekile? Mishale ikipanda pamoja na kushuka pamoja, kuna kitu kimoja kinachoilisha yote miwili, na hicho ndicho cha kutafuta.

Kwenye Land Rover za toleo la IIA za mwishomwisho na kwenye Series III iliyofuata, kitu hicho ni kidhibiti volti. Ni kikopo cha bati nyuma ya paneli, chenye terminali zilizoandikwa B na I. B inapokea umeme wa betri baada ya swichi, I inatoa kwenda kwenye geji. Ndani hamna elektroniki yoyote. Kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Waya ukipata moto ukanda unajikunja, mguso unaachia. Ukipoa unarudi, mguso unashika. Unakata na kuunga hivyo siku nzima, na wastani wa kinachotoka ni volti 10, betri iwe na 12 au altaneta (mashine ya kuchaji betri) iwe inasukuma 14. Geji nazo zina ukanda wa namna hiyohiyo ndani, ndiyo maana mshale unapanda polepole na hauchezi mafuta yakiyumba kwenye tanki. Polepole hiyo watu wanaiita ubovu. Ilitengenezwa hivyo makusudi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo ninapochoka. Ule waya mwembamba wa ndani unahitaji ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, na ethi yake inapita kwenye mwili wa kikopo kwenda kwenye bati la dashibodi. Umepeleka paneli yako ikapigwe rangi nzuri ya oveni, mbele na nyuma, mpaka kwenye matundu ya skrubu. Umefunga kikopo juu ya rangi. Ethi hamna. Ukanda haupati moto, mguso haukati tena, volti zote za altaneta zinaingia kwenye geji, na mishale inapanda kama ina haraka ya kwenda mahali. Kabla ya rangi geji zilikuwa sawa, baada ya rangi "zinadanganya", na bado mtu haoni uhusiano! Dawa yake ni kipande cha msasa ukubwa wa kidole gumba. Chubua rangi chini ya kikopo na kwenye skrubu mpaka bati ling'ae, paka grisi kidogo kuzuia kutu, funga.

Halafu kuna mafundi wanaopima terminali ya I kwa testa ya digitali, wanaona namba zinarukaruka, 12, sifuri, 12, sifuri, wanatangaza kikopo kimekufa. Kinarukaruka kwa sababu kinafanya kazi. Tumia taa ya kupimia: ikiwakawaka na kuzima, kikopo kizima. Ikiwaka moja kwa moja, tafuta ethi kwanza, ndipo ulaumu kikopo.

Geji ya mafuta peke yake ikigoma, nenda kwenye floti ya tanki, kile kifaa kinachoelea ndani na kuipa geji kipimo cha mafuta, chini ya kiti. Chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi, uguse bodi kwa sekunde chache tu. Mshale ukipanda taratibu kuelekea F (limejaa), geji ni nzima, waya ni mzima, na mbaya wako ni floti au ethi ya tanki. Usiuache waya hapo ukaenda kunywa chai, utaunguza geji kweli.

Tuje kwenye skrini. Skrini inasoma kile inacholetewa na floti. Floti ya Smiths, watengenezaji wa geji hizi za kiwandani, ina ukinzani mkubwa wa umeme tanki likiwa tupu na mdogo likijaa. Skrini nyingi za bei nafuu zimepangwa kwa floti ya mtindo wa VDO wa Kijerumani: ohm 10 tupu, ohm 180 limejaa. Kinyume kabisa. Fundi anafunga skrini, anaacha floti ya zamani, na mteja anaishiwa petroli njia ya Makuyuni huku skrini ikimwambia kwa rangi ya kijani kibichi kwamba tanki limejaa. Mdanganyifu ni nani hapo? Na ile ethi mbovu iliyokuwa inasumbua geji bado ipo, sasa inasumbua kifaa cha bei kubwa.

Taa ya chaji ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa sababu inaonekana haina maana. Series III zenye altaneta aina ya ACR ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zina balbu nyekundu ya wati 2.2. Watu wanadhani kazi yake ni kutoa taarifa tu. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha sumaku ya altaneta ukiwasha gari. Ukiitoa, au ukaweka ki-LED kinachopitisha umeme kiduchu, altaneta inaweza kukaa usingizini mpaka upige resi kali, na nyingine haiamki kabisa. Mteja ananunua betri mpya. Kisha altaneta mpya. Kisha anarudi kwangu na hasira. Ukitaka LED, weka rezista sambamba nayo, au acha ile balbu ya zamani ikiwa imefichwa nyuma. Spidomita sina la kuongeza: paka kebo grisi, na kama umetoa tairi za 7.50-16 za kiwandani ukafunga nyingine, usiulize kwa nini spidi haiko sahihi.

Waya sasa. Lucas walikuwa na utaratibu: kahawia ni betri moja kwa moja, nyeupe ni baada ya swichi, kijani imepita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi. Ukiujua, unaweza kulisoma gari hili gizani kwa tochi ya simu. Nimeletewa 109 ambayo dashibodi imetolewa yote na kila kitu kimeungwa upya kwa waya mwekundu. Mwekundu wa taa, mwekundu wa honi, mwekundu wa ethi! Viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, ya kwenye madaftari.

Nikifika hapa wale wa "kila kitu cha kiwandani" wananipigia makofi. Subirini. IIA ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi yoyote. Waya wa taa ukichubuka leo, baada ya miaka hamsini na kitu ya vumbi na panya, kitakachokatika ni waya wenyewe, kwa moto. Ameta nayo, ile geji ya ampea: karibu umeme wote wa gari, ukiondoa stata, unapita ndani yake, nyuma ya paneli, kwenye nati mbili. Kwa dainamo ya C40, mashine ya chaji ya zamani inayotoa ampea 22, hapakuwa na shida. Ukifunga altaneta ya Toyota ya ampea 60 ukaiacha ameta ile ya 30 mahali pake kwa sababu ya uasilia, unapika. Mimi naitoa kwenye njia na kuweka voltimita kwenye tundu lilelile la milimita 52. Naongeza boksi la fyuzi na rilei (swichi za umeme) za taa mahali pasipoonekana. Atakayenilaumu aje na kizima moto chake.

Kinachonisumbua ni hivi. Vikopo vya kidhibiti vizima ni shida kupata, kwa hiyo nafungua kile kilichokufa, natoa ukanda, naweka ndani rekulata ya 7810, kidude cha elektroniki kinachotoa volti 10, nakifunga. Kwa nje ni kilekile, mshale unasoma vizuri. Je, gari bado ni la asili? Mteja mmoja alinibana kwa swali hilo na sikuwa na jibu la kumridhisha. Pia nakubali kwamba geji ya joto ya zamani ni nzito mno kwa mtu anayepandisha Kitonga na mzigo. Mshale ukija kusogea, gasketi imeshakwenda. Lakini skrini nayo, maji yakikimbia yote, sensa inabaki kwenye hewa na inaweza kukuonyesha joto linashuka. Kwa gari la kazi naelekea kwenye sensa ya kufunga kwenye chuma cha silinda hedi, na king'ora. Kinazomea sana na wateja wengine wamekichomoa.

Kwa anayebeba mahindi Karatu simhubirii uasilia. Akitaka skrini ataipata. Ninachokataa ni msumeno wa kukata paneli ya zamani. Paneli ya IIA imeshikwa na skrubu tu katikati ya gari. Ifungue, ifunge kwenye gunia na geji zake, kisha chonga bati jipya la alumini lenye matundu yaleyale ya skrubu na uweke skrini yako hapo. Ya zamani ining'inize stoo, mbali na panya.

Wenye Series III, ya kwenu iko mbele ya dereva na ni plastiki iliyokaushwa na jua. Ukiivuta kwa nguvu inapasuka. Bisibisi na subira. Na kama umeshakata kabla ya kuja kwangu, leta mabaki yote na usitupe floti. Kufuata waya wekundu watupu natoza kwa saa.