Limfoma ya ubongo: si nywele ninazozihofia

Familia nyingi za hapa Tanga, kabla ya kumpeleka mgonjwa wao Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi ya kichwa, huniuliza kwanza habari za nywele. Zitanyonyoka, ndiyo, kwa kawaida ndani ya wiki mbili tatu, na nyingi zitaota tena. Uchovu utakuwepo, na kichefuchefu. Hayo hupita. Ninalolihofia mimi ni lile linalokuja baada ya miezi mingi au miaka, dua ya shukrani imeshasomwa na kila mtu anaamini yamekwisha.

Limfoma inayoanzia ubongoni ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na haitulii mahali pamoja. Hupenya kandokando ya mishipa ya damu, na inaweza kuwemo machoni au kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mpasuaji huchukua kinyama tu cha kupima, na mionzi, ikitumika, hupigwa ubongo mzima. (Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ikianzishwa kabla ya kuchukua kinyama huweza kuuyeyusha uvimbe kwa siku chache, majibu yakarudi matupu. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja, ngojeni.)

Uvimbe huu huitikia mionzi haraka, na hapo ndipo watu hudanganyika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1992 ulitumia grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 kwa ubongo mzima na 20 za nyongeza kwenye uvimbe. Uvimbe ulisinyaa, ukarudi, na nusu ya wagonjwa hawakuvuka sana mwaka mmoja. Methotreksati, dawa ya saratani, kwa dozi kubwa, gramu 3 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya mwili, ndiyo iliyogeuza mambo. Ilipofuatiwa na mionzi, watu wakaanza kuishi miaka, na kadiri walivyoishi ndivyo madhara yalivyojitokeza.

Chukulia mzee wa miaka 65 anayeuza samaki pale Deep Sea, aliyemaliza methotreksati na mionzi. Picha yake ni safi, uvimbe haupo. Ila chenji inampiga chenga, anatembea kwa kuburuta miguu kana kwamba sakafu inamnata, kisha mkojo unaanza kumtoka. Nyumbani wanasema ni uzee. Wengine wanasema ana mashetani na wanatafuta mganga. MRI inaonyesha sehemu nyeupe ya ubongo imeharibika na ubongo umesinyaa. Dawa ya kurudisha hali hiyo hatuna. Waliovuka miaka 60 ndio huathirika zaidi, na methotreksati ikitolewa pamoja na mionzi au baada yake, hatari huongezeka.

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwalinganisha waliopata mionzi ya grei 45 baada ya methotreksati na wasioipata. Mionzi ilichelewesha ugonjwa kurudi, lakini urefu wa maisha haukutofautiana waziwazi. Ndiyo maana mgonjwa wangu wa zaidi ya miaka 60, uvimbe ukiwa umeisha kwa dawa, mionzi naiweka akiba. Kwa wengine ipo dozi ndogo ya grei 23.4, ambayo madhara yake yanaonekana kuwa machache.

Lakini methotreksati inataka figo nzima, vipimo vya damu vya mara kwa mara na leukovorini, dawa ya kupunguza sumu yake, kwa wakati. Asiyeimudu apewe mionzi, bila kusitasita: inaweza kumrudishia kauli na miguu kwa miezi kadhaa, na hiyo si zawadi ndogo. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze ARV pia, maana kinga inaporudi matokeo huwa bora.

Mkimaliza matibabu, msiondoke Dar bila karatasi yenye jumla ya grei, idadi ya awamu na tarehe za methotreksati. Mgonjwa akianza kusahau miaka miwili baadaye, daktari wa Bombo, hospitali yetu ya Tanga, atakayempokea ataanzia hapo.