Ejekta: ombwe linalotengenezwa kwa hewa ya kompresa

Kwenye viwanda vya kufungasha bidhaa, mkono wa mashine hushuka juu ya boksi, vikombe vya mpira vikaligusa, na boksi likainuka bila kushikwa popote. Mara nyingi nyuma ya kazi hiyo kuna ejekta, kifaa kidogo kisicho na mota wala kipande kinachozunguka, ambacho hutumia hewa ya kompresa kutengeneza ombwe, yaani nafasi iliyopunguzwa hewa.

Hewa huingia ikiwa na presha ya bar 4 hadi 6, ikalazimishwa kupita kwenye nozeli, yaani mdomo mwembamba. Hapo kasi yake hupanda, mara nyingi hata kuzidi ya sauti, na presha yake ikashuka chini ya ile ya hewa inayotuzunguka. Ubavuni mwa nozeli kuna tundu lililounganishwa na vikombe. Hewa iliyomo kwenye vikombe hukokotwa na mkondo huo, zikatoka pamoja kupitia njia inayopanuka polepole.

Watu husema ombwe linavuta. Ukweli ni kwamba hewa ya nje ndiyo inayosukuma boksi na kikombe vibanane, na jambo hili lina uzito kwa fundi. Chukua kikombe cha kipenyo cha milimita 50, ombwe la asilimia 60, yaani asilimia 60 ya hewa iliyomo imeondolewa. Mombasa, usawa wa bahari, kinabeba kama kilo 12. Nairobi, ambako presha ya hewa ni takriban kilopaskali 83 badala ya 101, kikombe hichohicho kinabeba kama kilo 10. Hayo ni mahesabu ya karatasini. Kazini gawa angalau kwa mbili, na zaidi ikiwa mzigo unashikwa ubavuni.

Gharama ndipo wengi wanapoteleza. Ejekta ni rahisi kununua, lakini hewa ya kompresa ni umeme wa bei kubwa, na ejekta huitumia muda wote ikiwa wazi. Kwa vioo na mabati, chagua yenye vali inayofunga hewa ombwe likishatimia. Kwa maboksi ya karatasi vali hiyo haisaidii sana, maana karatasi hupitisha hewa na ombwe halitulii. Huko tafuta ejekta yenye nozeli kadhaa zinazofuatana, inayonyonya hewa nyingi hata kama ombwe lake si kali. Na kama unyonyaji hausimami kutwa nzima, pampu ya umeme itakuwa nafuu zaidi kuiendesha.